Mchungaji mmoja, washirika 140: kipi abaki nacho, kipi akabidhi?

Mlinda Zizi ameuliza:

Bwana asifiwe wapendwa. Swali hili ni la kazi, na naomba majibu ya kazi.

Kanisa lina washirika 140 hivi, kaya 45. Mchungaji ni mmoja, wazee wa kanisa watano, mashemasi wanne, mhazini mmoja wa kujitolea. Katika juma moja mchungaji huyo anahubiri Jumapili, anafundisha Jumatano, anaongoza maombi ya Ijumaa, anatembelea wagonjwa, anasuluhisha ndoa, anapokea kila anayebisha ofisini, anakaa na mhazini kuhesabu sadaka, na funguo za stoo anazo yeye. Mahubiri yanaanza kuandaliwa Jumamosi usiku. Wazee ni watu wema na wanampenda Mungu, ila kila jambo wakipewa, ndani ya wiki mbili limesharudi mezani kwa mchungaji.

Kipi hasa hakigawiki? Kinachogawika kikabidhiwe namna gani ili kisirudi? Na mahubiri yaandaliwe vipi na mtu ambaye saa zake zinahesabika? Jibu la "omba zaidi" tunalipokea kwa heshima, lakini maombi yapo tayari. Kilichokosekana ni utaratibu.

---

Mzee wa Baraza:

Asifiwe sana mchungaji. Umelitaja mwenyewe lililo gumu: jambo linarudi. Wingi wa kazi ni shida ya pili. Kazi hurudi pale mtu alipopewa safari bila kupewa uamuzi. Mzee ametumwa akaione familia fulani, amekwenda, ameiona, amerudi kuuliza, "Sasa tufanyeje?" Hakukosea. Hakuna aliyemwambia mwisho wa mamlaka yake ni wapi.

Kutoka 18 husomwa kama sura ya kupunguziwa mzigo. Irudie taratibu. Musa anakaa kuamua kesi tangu asubuhi hata jioni, na Yethro, baba mkwe wake, anamwambia atachoka yeye na watu wenyewe. Lakini kabla ya kutaja wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na kumi, anamwambia kwanza asimame mbele za Mungu kwa ajili ya watu, kisha awafundishe amri na sheria na kuwaonyesha njia ya kuiendea. Kugawa kunakuja baada ya kufundisha. Mkuu wa watu kumi aliweza kuamua neno dogo kwa sababu sheria aliijua. Wazee wasiojua mchungaji wao angeamua nini, na kwa sababu gani, watamrudishia kila kitu, hata wangekuwa ishirini. Halafu Yethro anatenga neno kubwa na neno dogo. Makanisa mengi hayajawahi kuandika lipi ni dogo.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua daftari, kwa siku 14 andika kila ulichofanya, saa uliyoanza na saa uliyomaliza, pamoja na simu. Usirekebishe kitu katika siku hizo, andika tu. Mwisho wake pitia kila mstari uweke alama: langu, letu, lao. "Langu" iwe fupi: maombi, Neno, kulea wazee wenyewe, na mambo machache ambayo kwa utaratibu wa kanisa lenu hayafanywi na mwingine. Hiyo ndiyo hesabu ya mitume katika Matendo 6:4.

Kisha kila jambo lililo "lao" liandikiwe nusu ukurasa. Isizidi. Mfano wa wagonjwa:

*Huduma ya wagonjwa. Mhusika ni mzee mmoja na mashemasi wawili. Habari ya mgonjwa inapelekwa kwake, si kwa mchungaji. Aliyelazwa hospitali atembelewe ndani ya saa 24, aliye nyumbani ndani ya siku 3. Mhusika anaweza kutoa msaada hadi kiwango kilichopitishwa na baraza bila kuuliza mtu. Mchungaji aitwe siku hiyohiyo iwapo mgonjwa yu mahututi, anaingia upasuaji, anaomba kuungama, au mgonjwa ni mtoto. Taarifa ni mistari mitano kila Jumatatu jioni.*

Hapo mzee anajua anachoamua, anachouliza na siku ya kusema. Na anayedhani sala ya mgonjwa haina uzito asipokuja mchungaji, msomeeni Yakobo 5:14: mgonjwa anaambiwa awaite wazee wa kanisa, kwa wingi.

Mahali panapovunjika ni hapa. Mshirika atampita mzee na kumpigia mchungaji. Mchungaji kwa huruma ataondoka kwenda. Siku hiyo mzee amevuliwa kazi mbele ya watu, na hataigusa tena kwa moyo. Jibu liwe moja kila mara: "Pole sana. Jambo hili liko kwa mzee fulani, nampigia sasa hivi, atakutafuta kabla ya jioni." Umpigie kweli, na baada ya hapo usiende wewe. Miezi miwili ya kwanza italeta manung'uniko. Vumilieni.

Tangazeni jukumu wakati wa ibada, watu wakisikia, na muwaombee kwa kuwawekea mikono kama ilivyofanyika Matendo 6:6. Tena wale saba walioteuliwa pale, Stefano na wenzake, majina yao yote ni ya Kiyunani, na waliokuwa wakinung'unika ni Wayahudi wa Kiyunani ambao wajane wao walisahauliwa. Watu wa kushika kazi walitoka karibu na kilio. Mnapomtafuta msimamizi wa vijana au wa wajane, anzieni kwa anayewajua kwa majina.

Usikabidhi yote kwa mkupuo. Jambo moja kila wiki sita: mara mbili mnakwenda pamoja naye anatazama, mara mbili anaongoza yeye wewe unatazama, kisha anabaki peke yake. 1 Timotheo 3:10 inataka mashemasi wajaribiwe kwanza, na 5:22 inakataza kumwekea mtu mikono kwa haraka. Kumwondoa mtu kwenye nafasi kunaumiza kanisa kuliko kuchelewa kumpa.

---

Mwalimu wa Neno:

Mimi nijibu la mahubiri.

Saa nyingi za mhubiri hupotea katika kutafuta somo, si katika kuliandaa. Ijumaa imefika, bado anafunua Biblia akitafuta neno "lenye moto". Dawa yake ni kuchukua kitabu kimoja na kukipitia kwa mfululizo. Yona ina mistari 48, inatosha Jumapili 4 au 5. Ruthu ina mistari 85. Wafilipi ina sura 4 na mistari 104. Igawe vipande 11 na karibu miezi mitatu imepangika. Siku ya jambo la dharura, msiba mkubwa au sikukuu, unasimamisha mfululizo na kurudi juma linalofuata.

Tenga saa 8 katika juma, zikiwa zimegawanywa. Kulundika saa 8 za Jumamosi hakuzai mahubiri yaleyale, kwa sababu andiko linahitaji kulala nawe siku kadhaa. Jumatatu au Jumanne, saa moja: soma kifungu kwa sauti mara tano, umesimama, bila kitabu kingine chochote, na uandike maswali tu. Siku inayofuata, saa mbili: chambua sentensi. Nani anatenda, anatendewa nani, na viungo vyake ni vipi: "kwa hiyo", "lakini", "ili", "bali".

Chukua Wafilipi 4:6. Wengi huhubiri "msijisumbue" dakika 30 na watu wanarudi nyumbani wamesumbuka zaidi, sasa wakiwa na hatia juu ya wasiwasi. Lakini sentensi haikomi hapo. Inaendelea na "bali", nayo inakupa cha kufanya na wasiwasi huo: kusali, kuomba, kushukuru, haja zijulishwe Mungu. Rudi nyuma nusu mstari, mwisho wa 4:5 unasema Bwana yu karibu. Hiyo ndiyo sababu ya kutojisumbua. Rudi tena hadi 4:2, unawakuta Euodia na Sintike wanaosihiwa wawe na nia moja. Kumbe amani inayolinda mioyo katika 4:7 inasemwa kwa kanisa lenye ugomvi ndani yake, na anayeandika yuko kifungoni. Mahubiri yameshaanza kujijenga, na hujafungua kitabu cha ufafanuzi.

Jumatano usiku uwe na sentensi moja. Mfano: *Kwa kuwa Bwana yu karibu, mpelekee kila haja pamoja na shukrani, na amani yake itaulinda moyo wako.* Usipoweza kuliandika somo kwa sentensi moja, bado hujalielewa. Rudi kwenye andiko, usikimbilie mifano. Alhamisi saa tatu za kuandika. Ijumaa saa moja ya kukata. Jumamosi saa moja: lisome kwa sauti, liombee, lala mapema.

Urefu upime hivi: soma ukurasa wako mmoja kwa sauti ya mimbarini, tazama saa, kisha zidisha. Kwenye ibada ongeza robo, maana utarudia maneno na watu wataitikia. Kwa hiyo anayetaka dakika 35 aandike za 28.

Makosa ninayoona yakijirudia: maandiko 15 ndani ya mahubiri mamoja, watu wanafunua kurasa badala ya kusikia. Andiko moja la msingi na mengine mawili au matatu yanatosha. Kosa jingine ni zito zaidi, nalo ni kumhubiria mtu. Juma ambalo umekwaruzana na mshirika, pitia karatasi yako ukimfikiria yeye ameketi mstari wa mbele. Kila sentensi iliyoandikwa kwa ajili yake, ifute, uende kwake kama Mathayo 18:15 inavyosema, wewe na yeye peke yenu. Wala habari ya chumba cha ushauri isipande mimbarini, hata ukibadilisha jina na kijiji. Mhusika atajitambua, na wengine kumi wenye siri zao wataamua kutokuja kwako kabisa.

Kuhusu Jumatano: tumia kifungu kilekile cha Jumapili iliyopita, washirika waje na maswali. Maandalizi yanapungua sana na Neno linakaa. Maombi ya Ijumaa yaongozwe na wazee kwa zamu.

---

Mhazini Mwaminifu:

Mchungaji, kuhesabu sadaka acha Jumapili hii, hata kabla ya kumaliza kuusoma uzi huu. Hakuna anayekutuhumu. Ni Paulo aliyefundisha: katika 2 Wakorintho 8 anapeleka mchango kwa mikono ya Tito na ndugu wengine, mmoja wao amechaguliwa na makanisa yenyewe, na anasema wazi kwamba anajiepusha na lawama, akiangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Mtume mwenyewe hakubeba peke yake.

Utaratibu: wahesabuji wawili au watatu, wasio ndugu wala mume na mke, wanabadilishwa kila mwezi. Wanahesabu kanisani mara tu baada ya ibada. Kila mmoja anahesabu fedha zote peke yake. Zikilingana, zinaandikwa, zisipolingana, wanarudia wote, hawakubaliani namba ya katikati. Karatasi ya hesabu ina tarehe, ibada, idadi ya noti kwa kila thamani, sarafu, bahasha za zaka, sadaka zenye kusudi maalumu, jumla kwa tarakimu na kwa maneno, na saini za wote. Nakala mbili: moja kwa mhazini, moja kwa karani ambaye hahesabu. Fedha zinaingia benki siku ya kwanza ya kazi, na karatasi ya benki ilingane na ile ya hesabu hadi senti ya mwisho.

Lililoangusha wengi ni dogo: kulipa kitu kutoka kapuni kabla ya kuhesabu. Fundi wa vipaza sauti anasubiri, mtu anachomoa noti, "tutaandika baadaye". Tangu hapo karatasi si ya kweli tena, na mwizi akija hataonekana, kwa sababu pengo limeshazoeleka. Kila kinachopokelewa kiingie benki chote. Matumizi madogo yawe na kasha lake lenye kiwango maalumu. Wakati wowote ukilifungua, taslimu zilizomo pamoja na risiti zijumlishe kiwango kilekile.

Sadaka ya simu iwe kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la kanisa, kamwe isiwe ya mchungaji au ya mhazini. Simu ashike mmoja, namba ya siri mwingine, na taarifa ya miamala ichapishwe kila mwezi. Fedha iliyotolewa kwa ajili ya paa haikopeshwi kwa umeme, hata kwa siku mbili. Iwe na safu yake daftarini. Mtoaji aliitenga kwa kusudi, na kuigeuza ni kuvunja agano naye.

Watia saini wa akaunti wawe watatu, wawili watie kila mara, na ni heri mchungaji asiwemo. Misaada kwa wahitaji ipitie kwa mashemasi. Mchungaji akigawa kwa mkono wake, baada ya miezi sita wanaokuja ofisini wanakuja kwa ajili ya mfuko, na mwenye shida ya roho anaona foleni, anageuza.

---

Mlinda Zizi:

Mungu awabariki. Nusu ukurasa wa wagonjwa nimeunakili kama ulivyo. Bado mlango wa ofisi. Wanaokuja wengine wana mambo mazito, wengine wanakuja mara ya saba kwa jambo lilelile. Na wapo wanaotaka mchungaji aape kwamba hatamwambia mtu yeyote.

---

Mshauri:

Usiape. Mwambie mapema, kabla hajafungua moyo: "Utakayosema yanabaki hapa, isipokuwa kama kuna mtoto anaumizwa, au wewe au mtu mwingine yuko hatarini." Ukishaapa kisha ukasikia habari ya mtoto anayeharibiwa, umejifunga mikono. Mambo ya namna hiyo yanakwenda kwenye vyombo vya sheria. Kikao cha wazee hakitoshi, na usuluhishi baina ya familia ni kumrudisha mtoto mikononi mwa anayemuumiza. Nasisitiza hili kwa sababu makanisa mengi yamekosea hapo yakidhani yanasetiri.

Ofisi iwe na saa. Siku mbili kwa juma, tuseme saa 9 hadi saa 12 jioni, kila mtu dakika 50, na kati ya mtu na mtu dakika 10 za kuandika na kuomba. Mlango wenye kioo, au mtu mwingine awepo chumba cha nje. 1 Timotheo 5:2 inataka wanawake vijana watendewe kama ndugu, katika usafi wote. Utaratibu wa mlango unamlinda anayekuja kabla ya kumlinda mchungaji. Mashauri ya wanawake yenye undani yashikwe na mama wa kanisa aliyefundishwa kazi hiyo.

Mtu wa mara ya saba: mara ya kwanza msikilize tu. Mara ya pili mkubaliane hatua moja anayoweza kuifanya ndani ya siku saba, ndogo na ya kuonekana. Mara ya tatu anza kwa kuuliza hatua hiyo imefikia wapi. Kama haikufanyika, zungumzeni kilichoizuia badala ya kurudia hadithi. Baada ya vikao vitatu au vinne bila kusogea, kabidhi kwa mtaalamu, au kwa wanandoa wazee wawili ikiwa ni suala la ndoa.

Akisema "heri nife", muulize waziwazi: unafikiria kujiua? Umeshapanga kwa njia gani? Kuuliza hakumwingizii wazo. Mara nyingi kunampumzisha, kwa kuwa mwisho amepata mtu asiyeogopa. Akiwa na mpango na kitu cha kutumia, asiachwe peke yake hata dakika moja, ndugu waondoe kitu hicho, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Ombeni njiani.

Na dawa. Mchungaji asimwambie mtu aache dawa kwa sababu ameombewa. Mwenye kifafa akiacha ghafla anaweza kupata degedege mfululizo na kufa. Anayehitaji insulini akiikosa, mwili wake unaharibika kwa siku chache. Dawa za kifua kikuu na za virusi vya UKIMWI zikikatwakatwa, ugonjwa unarudi ukiwa sugu. Imani haipungui kwa kumeza kidonge. Wale wakoma kumi wa Luka 17 Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, yaani kwa waliokuwa na kazi ya kupima na kutamka. Aliyeponywa akapimwe, na daktari ndiye aseme dawa ikome.

---

Mama Mchungaji:

Shalom. Nyumbani hamjapagusa. 1 Timotheo 3:5 inauliza mtu asiyejua kuisimamia nyumba yake atalitunzaje kanisa la Mungu. Siku ya mapumziko iwe moja, ijulikane na washirika, na simu ishikwe na mzee wa zamu. Wachungaji wengi huchagua Jumatatu, lakini siku hiyo mwili umelala na akili bado iko ibadani, kwa hiyo watoto wanampata baba aliyeisha. Jaribuni Alhamisi au Ijumaa kama ratiba ya mahubiri inaruhusu kusogezwa. Chakula cha jioni bila simu mezani, siku tano kwa juma. Wageni wa kazi waishie ofisini.

Kuhusu uchovu, someni 1 Wafalme 19. Eliya anaomba kufa, na malaika hamkemei. Anamwamsha ale, analala tena, anaamshwa tena ale na kunywa, ndipo anatembea siku 40 hadi Horebu. Swali la "unafanya nini hapa?" linakuja mwisho, baada ya usingizi mara mbili na mkate mara mbili. Mchungaji ambaye wiki tatu mfululizo halali vizuri, anakasirikia watoto na haoni ladha ya Neno, apunguziwe zamu na apimwe afya. Baraza lisingoje aombe.

---

Msafiri wa Imani:

Nitofautiane kidogo na Mzee wa Baraza. Wagonjwa wagawiwe, sawa. Lakini kutembelea nyumba kusihamishwe kote kwa wengine. Richard Baxter, mchungaji wa Kidderminster kule Uingereza katika karne ya 17, alikuwa na parokia ya familia zaidi ya 800. Yeye na msaidizi wake walitenga Jumatatu na Jumanne, wakapokea familia 15 au 16 kwa juma, ili mwaka usiishe kabla hawajazimaliza zote. Alisisitiza kwamba wapo waliomsikia akihubiri miaka mingi bila kushika kitu, wakaelewa zaidi katika nusu saa ya mazungumzo ya ana kwa ana.

Hapa kaya ni 45. Kaya mbili kwa juma, kwa majuma 46, ni ziara 92: kila nyumba mara mbili kwa mwaka. Dakika 40 zinatosha. Uliza habari ya kazi na afya, muulize kila mmoja anasoma nini katika Biblia sasa hivi, uliza wanaombea nini, soma aya moja, omba kwa kuwataja kwa majina pamoja na watoto. Ukitoka andika mistari mitatu. Ukirudi baada ya miezi sita na kuuliza, "Yule mtoto mtihani alifanyaje?", umeshahubiri.

Na vikundi vidogo visaidie. Mwaka 1742 kule Bristol, watu wa John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, walikuwa wanatafuta namna ya kulipa deni la jengo. Wakagawana watu kumi na wawili kumi na wawili, kiongozi akusanye peni moja, sarafu ndogo ya Kiingereza, kwa kila mtu kila juma. Viongozi walipozunguka nyumbani wakaanza kukuta ulevi, ugomvi, ugonjwa, mambo ambayo hakuna aliyeyajua ibadani, na mpango wa deni ukageuka malezi. Kwa washirika 140 mnahitaji viongozi 12 hivi. Wazee na mashemasi wenu ni 9, hivyo tafuteni watatu zaidi.

---

Mzee wa Baraza:

Nakubali, Msafiri. Ziara za nyumba ziwe chini ya "langu", na mzee wa kikundi husika aongozane naye, ili naye azijue familia zake.

Mchungaji, ukiuliza uanze na lipi: funguo za stoo. Tengeneza nakala mbili. Moja kwa shemasi wa vifaa, moja kwa karani. Daftari litundikwe nyuma ya mlango kwa kamba: tarehe, kifaa, aliyechukua, aliyerudisha, saini. Viti, vipaza sauti, jenereta na sufuria za sherehe viorodheshwe siku ya makabidhiano, wote wawili mkisimama mnahesabu kimoja kimoja, na orodha itiwe saini. Wewe usibaki na ufunguo hata wa akiba. Jumatano mtu akija kukuomba viti vya msiba, utakuwa huna cha kumfungulia, na atakwenda kwa shemasi.